Ameamka?

 

Nje ya chumba cha upasuaji huwa pana benchi. Hukaa pale mama mwenye chupa ya chai na kikapu cha vyombo, kijana mwenye simu iliyokwisha chaji, na shangazi aliyejifunika khanga mpaka puani kwa sababu ya harufu ya dawa. Mlango ukifunguka wote husimama, na swali lao ni moja. Hawaulizi kidonda kina nyuzi ngapi, wala damu imepotea kiasi gani. Wanauliza: "Ameamka?"

Nimefanya kazi ya kulaza watu usingizi kwa miaka mingi, na swali hilo naliheshimu, maana limegusa penyewe. Mtu aliyepewa nusu kaputi huamka mara mbili. Huamka akili, na huamka misuli. Kuamka huku kuwili hakuji kwa pamoja kwenyewe. Sisi tunaokaa kichwani mwa mgonjwa ndio tunaokupanga, na tukikosea hata kwa dakika 10, anayeumia ni yule aliyelala.

Wengi hudhani nusu kaputi ni dawa moja: unachomwa sindano, unahesabu moja, mbili, tatu, basi. Kumbe kwa upasuaji mkubwa wa tumbo huwa ni dawa tatu zenye kazi tatu. Ya kwanza hulaza akili. Ya pili hutuliza maumivu. Ya tatu hulegeza misuli, na hii ndiyo watu hawaijui. Tunaitoa kwa sababu tumbo lililokaza ni kama ngoma iliyowambwa, na daktari mpasuaji hawezi kufanya kazi ndani yake. Tena nyuzi za sauti hukaa wazi, tukapitisha mpira wa hewa bila kujeruhi koo.

Lakini dawa hiyo haichagui. Inalegeza misuli yote tunayoiamrisha, na ile ya kupumulia imo. Moyo hauguswi, ila kifua kinanyamaza. Tangu dakika hiyo pumzi ya mgonjwa iko mikononi mwangu, kwenye mfuko wa mpira ninaoubonyeza au kwenye mashine ninayoilinda. Na jambo hili mlishike sana: dawa ya kulegeza misuli haina hata chembe ya usingizi ndani yake, wala haitulizi maumivu. Ukimpa mtu hiyo peke yake, atakuwa macho kabisa, anasikia kila neno, na hawezi kuinua hata ukope.

Niwaeleze yaliyonikuta mwaka wangu wa kwanza kazini, katika hospitali moja ambayo sitaitaja.

Aliletwa mzee mmoja, mvuvi, ana ngiri iliyonyongwa tangu jana yake. Ilikuwa usiku. Tukamlaza, nikampa atrakuriamu ya kulegeza misuli, kazi ikaanza. Karibu na mwisho mpasuaji alikuwa anarudisha utumbo ndani, akaniambia, "Sista, tumbo limekaza." Nikaongeza miligramu 20. Zikapita dakika 12 hivi. Mara muuguzi akachungulia mlangoni: yuko mama mjamzito, mtoto amechoka tumboni, anatakiwa aingie sasa hivi. Mpasuaji akafunga ngozi haraka haraka, akavua glavu, akasema, "Mwamshe basi huyu, mwenzake anasubiri."

Nilitazama saa ya ukutani. Sikumtazama mzee. Nikafunga gesi ya usingizi, nikavuta kwenye bomba la sindano neostigmini miligramu 2.5 na atropini miligramu 1.2, nikazisukuma kwenye mshipa. Neostigmini ndiyo dawa ya kurudisha misuli. Atropini huenda nayo kwa sababu neostigmini peke yake hupunguza mwendo wa moyo, wakati mwingine kwa kiasi cha hatari, na hujaza mate mdomoni. Baada ya dakika tatu au nne mzee akakohoa kidogo. Nikamwambia afumbue macho, kope zikajaribu. Nikaona ameamka, nikamtoa mpira.

Kifua chake hakikupanda. Tumbo liliinuka, kifua kikazama. Tumbo likashuka, kifua kikatokeza kidogo, kama ubao wa pembea. Shingo ikawa inavuta kwa kurukaruka. Mashine ya kupima oksijeni, iliyokuwa ikilia kwa sauti nyembamba, ikaanza kushuka sauti: 97, 93, 89, 84. Nikamfunika barakoa, nikamwinua taya, nikaanza kumpumulia kwa mfuko. Mkono mmoja nikautumia kumpigia simu mwalimu wangu.

"Shikamoo mwalimu. Nimemrudisha misuli, lakini hapumui vizuri. Nimwongeze neostigmini?"

"Usiongeze. Mpumulie, ungoje. Na uzungumze naye."

Nikamwinamia sikioni. "Mzee wangu, mimi niko hapa. Nakupumulia. Dawa ya misuli haijaisha, itaisha sasa hivi. Usiogope." Nilirudia maneno hayo sijui mara ngapi. Baada ya dakika 25 mkono wake ulinibana vidole mpaka vikauma, nikajua amerudi.

Asubuhi nilimfuata wodini kumwomba radhi. Alikuwa ameketi, ana kikombe cha uji. Akasema, "Mwanangu, nilikusikia tangu mwanzo. Uliniambia nivute pumzi, nami nilikuwa navuta, haiji. Nikadhani nimekwisha zama. Ulipoanza kusema unanipumulia ndipo nikaacha kupigana."

Mzee yule hakunilaumu. Mimi ndiye niliyebaki na kauli ile, na ndiyo iliyonifanya nisome somo hili upya, ukurasa kwa ukurasa.

Kosa langu lilikuwa wapi? Dawa ilikuwa sahihi na kipimo kilikuwa sahihi. Wakati ndio haukuwa wake.

Neva haigusani na msuli, pana mwanya mwembamba kati yao. Neva ikitaka msuli ukaze, humwaga kwenye mwanya huo kemikali iitwayo asetilikolini, nayo hukaa kwenye vipokezi upande wa msuli. Sasa fikiria daladala pale stendi, saa 12 jioni. Viti ndivyo vipokezi. Abiria mwenye nauli ni asetilikolini: akikaa, gari linaondoka, yaani msuli unakaza. Dawa ya kulegeza ni mtu asiye na safari aliyekalia kiti. Yupo tu, na gari haliendi. Tena pale stendi kuna mgambo, ambaye mwilini ni kimeng'enya, na kazi yake ni kuwatawanya abiria wanaojazana. Anafanya kazi upesi ajabu, asetilikolini haidumu hata kufumba na kufumbua.

Neostigmini haimgusi yule aliyekalia kiti. Inamshika mgambo mikono. Abiria wenye nauli wanajaa mlangoni, na kila mkaaji wa bure akiinuka kidogo, maana huinuka na kukaa tena, mwenye nauli anakiwahi kiti. Polepole gari linapata watu wake.

Ila mgambo ana mikono miwili tu. Ukishaishika yote, hakuna wa tatu wa kushika, na hapo kuongeza neostigmini ni kuongeza madhara bila faida. Kwa hiyo kama wakaaji wa bure bado ni wengi mno, ndani ya gari na nje yake, hata abiria wakisongamana namna gani hawatapata viti. Hapo ndipo nilipokuwa na mzee wangu: dakika 12 baada ya miligramu 20, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, chumba baridi, maji ya mshipani baridi. Atrakuriamu huvunjika yenyewe mwilini, na mwili uliopoa huichelewesha.

Isitoshe, neostigmini haifiki kilele chake papo hapo. Huchukua dakika 7 hadi 10 hivi, wakati mwingine zaidi. Mimi nilingoja tatu au nne.

Dawa hizi mbili zina historia ambayo kila mwanafunzi wangu lazima aisikie, kwa sababu zote mbili zilianza zikiwa sumu. Ya kulegeza ilitoka misitu ya Amerika Kusini, ambako wawindaji walipaka sumu iitwayo kurare kwenye mishale, na mnyama aliyechomwa alianguka bila nguvu hadi pumzi ikakatika. Mwaka 1814, huko London, Mwingereza Charles Waterton na wenzake walimchoma punda jike sumu hiyo. Punda akaanguka kama mfu. Wakampasua koo, wakampulizia hewa kwa mivuo kama ya mhunzi kwa saa kadhaa, mpaka sumu ikaisha akasimama. Aliishi hadi mwaka 1839. Kazi yangu yote imo ndani ya kisa cha punda yule: ukimpumulia aliyelegea na ukavumilia, atarudi.

Ya kurudisha ilitoka Afrika, kule Calabar, katika nchi ambayo leo ni Nijeria. Waefik walikuwa na maharagwe waliyoyaita esere, na mtu aliyetuhumiwa uchawi alilishwa. Akitapika, hana hatia. Akifa, basi ameshahukumiwa. Mwaka 1855 daktari Robert Christison wa Edinburgh aliyala mwenyewe ili ajue yanafanya nini, na ilibidi ajitapishe kuokoa roho yake. Ndani yake ikapatikana fizostigmini, na mwaka 1900 Jacob Pal wa Vienna akaona kwamba inaondoa nguvu ya kurare. Neostigmini ni mjukuu wake, ilitengenezwa maabara mwaka 1931. Sumu ya mshale na sumu ya kiapo zinakutana leo kwenye trei yangu, bomba moja kushoto, jingine kulia.

Tarehe 23 Januari 1942, Harold Griffith na Enid Johnson huko Montreal, Kanada, walimpa kurare kijana aliyekuwa anatolewa kidole tumbo. Tumbo likalegea, upasuaji ukaenda vizuri, na dunia nzima ikaifuata njia hiyo. Lakini mwaka 1954 Beecher na Todd wa Marekani walichapisha hesabu kutoka hospitali 10, usingizi karibu laki 6. Vifo vilivyotokana na usingizi vilikuwa karibu 1 kwa kila 2,100 pale ambapo dawa ya kulegeza haikutumika. Ilipotumika, 1 kwa kila 370. Hesabu hiyo ilizua ubishi mkali, na haikosi maswali, maana wengine waliopewa walikuwa wagonjwa zaidi. Hata hivyo iliwalazimisha watu kuuliza swali zuri: tunajuaje kwamba dawa imeisha?

Sisi wa zamani tulifundishwa kumwambia mgonjwa, "Inua kichwa, hesabu hadi tano. Nibane mkono. Toa ulimi." Ni vipimo vyema, sivitupi. Ila vinadanganya. Mtu anaweza kuinua kichwa sekunde 5 huku misuli ya koo bado imelegea. Kiwambo, ule msuli mkubwa wa kupumulia chini ya mapafu, huwahi kurudi. Misuli ya koo, inayozuia mate na matapishi yasiingie kwenye mapafu, huchelewa. Kwa hiyo unaweza kumwona anapumua ukaridhika, na kumbe mlango wa koo hauna mlinzi.

Mwaka 1970 watu watatu wa Liverpool, Ali, Utting na Gray, walileta kipimo ambacho mpaka leo ndicho tunachokitegemea. Kifaa chake chaweza kuwa kidogo kiasi cha kushikika mkononi. Unabandika vibandiko viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole kidogo, ambako neva inapita karibu na ngozi. Unabonyeza, kinatoa mishtuko minne ya umeme, kila mmoja baada ya nusu sekunde. Wewe unatazama kidole gumba. Dawa ikiwa imekolea, gumba hakichezi hata mara moja. Ikianza kuisha, kinacheza mara moja, halafu mbili, tatu, nne. Lakini hata kikicheza mara nne, mchezo wa nne huwa dhaifu kuliko wa kwanza, na ulinganisho wa hiyo miwili ndio unaosema kweli. Kiwango kinachokubalika leo ni kwamba wa nne ufikie angalau asilimia 90 ya wa kwanza kabla hujagusa mpira wa hewa.

Macho na vidole vyetu haviwezi kupima hivyo. Ulinganisho ukipita asilimia 40 hivi, hata mkongwe wa kazi huona michezo yote minne iko sawa. Ndiyo maana mwongozo wa madaktari wa usingizi wa Marekani wa mwaka 2023 unataka kifaa kinachoandika namba. Kuna utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2003 ambao huwasomea wanafunzi wangu: wagonjwa 526 walipewa dozi moja tu ya kulegeza mwanzoni mwa upasuaji, wala hawakupewa dawa ya kurudisha. Walipofikishwa chumba cha kuamkia, asilimia 45 walikuwa hawajafikia 90. Hata wale waliokwisha kupitisha saa mbili tangu dozi ile, zaidi ya theluthi walikuwa bado. Saa ya ukutani haijui lolote kuhusu msuli wa mtu.

Basi wakati wake ni upi? Neostigmini ningependa niitoe kidole gumba kikishacheza mara nne, mpasuaji anaposhona ngozi, mgonjwa angali amelala. Kisha nangoja dakika zangu 10, au 15 kama inabidi. Asiye na kifaa, na wenzetu wengi wilayani hawana, anahesabu muda tangu dozi ya mwisho na kungoja mpaka mgonjwa aanze kujivutia pumzi mwenyewe ndipo atoe. Na jambo la busara kuliko yote hufanyika mapema zaidi: ukisikia "tumbo limekaza" zimebaki dakika chache kazi iishe, uwaze mara mbili kabla ya kuongeza. Mara nyingi kuongeza gesi kidogo kunatosha.

Gesi ya usingizi inafungwa misuli ikishakuwa tayari, si kabla. Huo ndio mpangilio wenyewe. Uingereza na Ireland walikusanya habari za watu walioamka ndani ya usingizi, wakachapisha mwaka 2014. Taarifa zilikuwa karibu 1 kwa kila usingizi 136,000 pale ambapo dawa ya kulegeza haikutumika, na 1 kwa kila 8,000 ilipotumika. Karibu moja ya tano ya visa vyote vilitokea mwishoni kabisa, wakati wa kuamshwa, na vingi kati ya hivyo ni kama cha mzee wangu: akili imefunguliwa mlango, mwili umeachwa ndani.

Iko dawa mpya, sugamadeksi, iliyoanza kuruhusiwa Ulaya mwaka 2008. Hii haihangaiki na mgambo. Imetengenezwa kwa sukari zilizofungamana duara, mfano wa kata ya kubebea ndoo kichwani, na molekuli ya rokuroniamu au vekuroniamu, ambazo nazo ni dawa za kulegeza misuli, huingia katikati ya duara hilo ikabanwa, kisha zote mbili hutoka kwa mkojo. Ndani ya dakika chache mtu amerudi, hata kama alikuwa amelegea sana. Niliiona ikifanya kazi nikamkumbuka yule mzee. Lakini bei yake bado ni kubwa kwa hospitali nyingi, na haina msaada wowote kwa atrakuriamu tunayoitumia sana. Akina mama nao wajue: ukipewa sugamadeksi na unatumia uzazi wa mpango wa homoni, tumia kinga nyingine kwa siku 7 zaidi, kwa sababu inaweza kuipunguzia nguvu.

Kwa wewe unayesubiri kupasuliwa, usione haya kumweleza mtoa usingizi habari zako. Kama ndugu yako aliwahi kuchelewa sana kupumua baada ya opereshini, sema. Yumkini miili ya ukoo wenu haivunji haraka suksamethoniamu, dawa nyingine ya kulegeza misuli, na kwa dawa hiyo neostigmini hairudishi misuli, bali hurefusha ulegevu. Kama kope zako huanguka jioni na mikono huchoka upesi, sema, unaweza kuwa na ugonjwa unaofanya dozi ndogo iwe kubwa kwako. Nawe uliye kando ya kitanda wodini, ukimwona mgonjwa anaona vitu viwili viwili, mate yanamshinda kumeza, anaongea kwa sauti ya puani au anapumua juu juu, usiseme ni uchovu wa dawa. Mwite muuguzi wakati huo huo.

Na kwa wenzangu wanaoandika bajeti za hospitali: ukinunua dawa ya kulegeza, nunua na kifaa cha kuonyesha kwamba imeisha. Nimeomba hivi katika vikao vingi, na nitaendelea kuomba.

Pale ninapofanya kazi sasa tulikipata. Siku za mwanzo wapasuaji walichoka kuningoja, wengine walisimama mlangoni mikono kifuani. Wiki iliyopita tulikuwa na mama wa uvimbe wa kizazi, na nje kulikuwa na mwingine anasubiri. Daktari alimaliza kushona, akavua glavu, akaja upande wangu wa kichwani. Hakutazama saa. Aliinama kwenye mkono wa mgonjwa akaniuliza, "Sista, kidole kinasemaje?"

Nikamjibu, "Bado, daktari. Kimefika 70."

Akavuta kiti, akaketi.